Vijidudu na Kazi ya Mkulima wa Karafuu



Somo letu la safari hii ni juu ya vijidudu, yaani viumbe vidogo mno ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Pengine mwanachama atasema, "Hayo ni mambo ya daktari na hospitali, mimi mkulima wa karafuu yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Mkarafuu hupata sehemu ya chakula chake kwa msaada wa vijidudu, na mara nyingi hufa kwa sababu ya vijidudu. Karafuu iliyokwisha kuchumwa, nayo hupanda daraja au hushuka daraja kwa kazi ya vijidudu, na kazi hiyo huweza kumalizika kwa usiku mmoja tu. Basi mkulima asiyejua desturi za vijidudu ni sawa na mtu aliyeweka vibarua wengi shambani mwake, wengine wanajenga na wengine wanabomoa, wala yeye hajui nani anafanya nini.

Pana swali moja ambalo wakulima huulizana, nalo ni swali zuri: "Ikiwa karafuu ina mafuta makali yanayoua vijidudu, hata waganga wa meno huyatumia, mbona karafuu yenyewe huota ukungu na kuoza?" Tutalijibu swali hilo mahali pake. Lakini kwanza yatupasa tuvijue vijidudu vyenyewe.

VIJIDUDU NI VITU GANI?

Vijidudu vina makabila mengi, lakini kwa kazi yetu yatosha tujue matatu. Kabila la kwanza ni bakteria. Hawa ni wadogo hata ukiweza kuwapanga elfu moja kwa mstari, mstari huo aghalabu utakuwa na urefu wa milimita moja au mbili tu. Kabila la pili ni kuvu. Ukungu tunaouona juu ya mkate uliolala ni kuvu. Hutambaa kwa nyuzi nyembamba na kutawanya mbegu zake hewani kama vumbi. Kabila la tatu ni hamira, ambayo kwa asili yake ni jamaa ya kuvu, ila kila chembe hukaa peke yake.

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria na kuandika habari zao alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft, aliyejitengenezea vioo vya kukuzia katika miaka ya 1670. Ilipita karibu miaka 200 kabla watu hawajafahamu kazi ya viumbe hao. Mwaka 1857 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza kwamba maziwa hayawi machachu yenyewe tu, bali wapo viumbe hai wanaoyageuza. Toka hapo ikaanza kujulikana kwamba kuchacha, kuumuka na kuoza ni kazi ya viumbe hai.

Nguvu ya vijidudu haimo katika ukubwa, imo katika wingi. Bakteria wa aina fulani, wakipata kila wanachokitaka, hugawanyika kila baada ya dakika 20: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Tufanye hesabu. Tukianza na mmoja saa 12 jioni, ifikapo saa 7 usiku watakuwa wamegawanyika mara 21, na idadi yao itakuwa 2,097,152. Kweli, shambani mambo hayaendi upesi namna hiyo kila mara, lakini hesabu hii yatuonyesha kwa nini jambo lililokuwa dogo wakati wa magharibi huweza kuwa msiba wakati wa alfajiri.

Vijidudu vinahitaji mambo manne: chakula, joto la kadiri, maji, na muda. Kuvinyima chakula hatuwezi, kwa sababu mazao yetu ndiyo chakula chenyewe. Kuvinyima joto hatuwezi, kwa sababu joto la visiwani mwetu lavifaa sana. Yamebaki mawili: maji na muda. Hiyo ndiyo milango ambayo mkulima anaweza kuifunga kwa mkono wake, na karibu kila shauri litakalofuata katika somo hili linarudi kwenye milango hiyo.

VIJIDUDU TULIVYOVITUMIA TANGU ZAMANI

Tusidhani kwamba vijidudu vyote ni adui. Wazee wetu walivitumia kabla hawajajua kama vipo.

Tazama mkate wa kumimina. Mchele husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke. Hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya vile vitundu vidogo vidogo. Mpishi akiharakisha, mkate huwa mzito kama jiwe. Akiusahau, huwa mchachu, kwa kuwa bakteria wamepata nafasi ya kuingia kazini. Kwa hivyo mpishi mzuri ni yule ajuaye muda.

Tazama pia makumbi ya nazi. Akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja huyafukia katika mchanga na tope la pwani, ambako maji hupwa na kujaa juu yake kwa miezi mingi. Huko chini bakteria hula ile gundi inayoshikanisha nyuzi, na nyuzi zenyewe huziacha. Makumbi yakifukuliwa hupondwa, ukapatikana usumba wa kusokota kamba. Bila ya bakteria hao, kazi ya kuzitenga nyuzi ingekuwa ngumu mno kwa mikono mitupu.

Na siki ya mnazi ni hivyo hivyo: hamira huigeuza sukari ya tembo kuwa kileo, kisha bakteria wengine, wakipata hewa, hukigeuza kileo kuwa siki.

Tuzingatie jambo moja hapa. Kuoza kunakotupatia usumba na kuoza kunakoharibu karafuu ni ndugu moja. Kijidudu hakina urafiki wala uadui na mtu, kinakula kinachokipata. Tofauti iko kwetu sisi: mahali tulipokipa nafasi kwa makusudi, na mahali tulipokipa nafasi kwa uzembe.

KAZI YA VIJIDUDU KATIKA UDONGO

Mkarafuu huweza kukaa miaka mingi katika ardhi moja, ukatoa karafuu na majani na kuni, na ardhi isichoke upesi. Mbolea hiyo yatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka kwenye majani yaliyoanguka. Mzizi hauwezi kulila jani kama mbuzi alavyo. Lazima kwanza lilainishwe na kuvu na bakteria na wadudu wadogo, mpaka liwe mboji nyeusi, ndipo chakula kilichomo kiyeyuke katika maji na kuingia mizizini. Mtu anayefagia majani yote chini ya mikarafuu na kuyatia moto anachoma chakula cha mti wake, tena anawafukuza vibarua waliokuwa wakikipika bila ya ujira.

Jambo la pili ni kunde, choroko na mbaazi. Ng'oa mche wa kunde wenye afya ukaangalie mizizi yake: utaona vinundu vidogo. Humo wamo bakteria. Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu hivyo. Naitrojeni ni chakula kikubwa cha majani. Hewa tunayoivuta ni naitrojeni kwa kadiri ya asilimia 78, lakini mimea mingi haiwezi kuichukua hewani. Bakteria wa vinundu huichukua, wakaigeuza, wakaipa kunde; na kunde zikivunwa, mizizi na majani yake yakiachwa yaoze pale pale, sehemu hubaki udongoni kwa ajili ya mazao mengine. Kwa hivyo mwenye kupanda miche ya mikarafuu asiache nafasi kati ya miche ikawa tupu. Apande kunde au mbaazi, mradi zisiifunike miche wala kunyang'anyana nayo maji wakati wa kiangazi.

Jambo la tatu halionekani kabisa. Miti mingi, na mkarafuu ni mmojawapo, ina kuvu njema zinazoishi pamoja na mizizi yake. Nyuzi za kuvu hizo ni nyembamba kuliko mzizi wowote, na hufika katika vitundu vya udongo ambako mzizi haufiki. Huuletea mti fosfati na madini mengine, na mti nao huzilipa sukari. Ndiyo maana ni vizuri kuchanganya udongo wa kitaluni na mboji pamoja na udongo kidogo wa juu kutoka chini ya mikarafuu yenye afya njema. Lakini tuangalie sana: udongo huo usitoke chini ya mti ulio mgonjwa wala mahali palipokufa mti, kwa sababu tutakazozieleza sasa hivi.

VIJIDUDU VINAVYOUA MIKARAFUU

Wazee wa Unguja na Pemba wanaujua ugonjwa wa kufa kwa ghafla. Mkarafuu mkubwa, uliokwisha kuzaa kwa miaka mingi, huanza kupauka majani na kupukutisha baadhi yake. Kisha kwa muda mfupi majani yaliyobaki hunyauka, hugeuka rangi ya kahawia nyekundu na kukauka yakiwa bado yako mtini. Mti umekufa umesimama. Baadaye hufuata jirani yake, kisha jirani wa jirani, mpaka shamba likawa na uwazi.

Zamani watu walitoa sababu nyingi: wengine walisema mchwa, wengine ardhi kuchoka, wengine husuda. Wataalamu waliofanya kazi Zanzibar walichunguza kwa muda mrefu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nutman na Roberts walieleza kwamba chanzo chake ni kuvu, wakaipa jina la Valsa eugeniae. Kuvu hii hushika ile mizizi midogo inayonyonya maji. Basi kumbe mti haukufa ghafla kama tulivyodhani. Ulikuwa ukipoteza midomo yake chini ya ardhi kidogo kidogo, na sisi tuliona siku ya mwisho tu.

Mti uliokwisha kushikwa hauna dawa ya kuuponya. Kazi yetu ni kuwalinda majirani zake. Mti uliokufa ukatwe, kisiki king'olewe pamoja na mizizi mikubwa, na vyote vichomwe moto pale pale. Visiburutwe kupitia shamba zima.

Ugonjwa wa pili ni wa kukauka matawi, unaoletwa na kuvu nyingine iitwayo Cryptosporella eugeniae. Huu hauingilii mizizini. Huingilia kwenye jeraha. Tawi huanza kukauka, na kifo huteremka kufuata mti wake. Ukilikata utaona ndani kuni imegeuka rangi ya kahawia nyekundu. Katika mche mdogo, ugonjwa ukifika kwenye shina, mche umekwisha.

Tujiulize: majeraha hayo ya mikarafuu hutoka wapi? Mengi hutoka kwetu wenyewe wakati wa kuchuma. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Mchumaji anayelivuta kwa nguvu kwa ngoe, au anayelikata zima ili achume akiwa ameketi chini, amepata pishi moja leo, na amefungua mlango wa kuvu kwa miaka ijayo. Mwenye shamba na asimamie. Ngazi na kamba zitumike. Tawi likivunjika kwa bahati mbaya lisiachwe lining'inie: likatwe kwa msumeno, mkato uwe laini, na jeraha lipakwe rangi au lami. Tawi lililokwisha kushikwa likatwe chini zaidi, katika kuni iliyo nyeupe na nzima, nalo lichomwe moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna na jambo la tatu la kutufanya tuwe macho. Huko Indonesia, nchi ambayo ndiyo asili ya mkarafuu, uko ugonjwa uitwao ugonjwa wa Sumatra. Huo waletwa na bakteria, Ralstonia syzygii, anayekaa katika mirija ya maji ya mti na kuiziba; wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, wa jamii ya Hindola, humchukua kutoka mti hadi mti. Kwa hivyo mwanachama asishawishike kuleta miche, vijiti au udongo kutoka nje kwa njia za kificho, hata akiambiwa ni mbegu bora namna gani. Kijidudu hakikaguliwi kwa macho bandarini. Kilichoingia na mche mmoja huenda kisitolewe tena na serikali nzima.

KARAFUU ILIYOKO JAMVINI

Sasa tumefika mahali ambapo mkulima hupoteza fedha nyingi zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Karafuu mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana kilo 3 za karafuu mbichi zilizochambuliwa hutoa kiasi cha kilo 1 ya karafuu kavu. Tena karafuu iliyochumwa haifi mara moja. Huendelea kupumua, na kupumua huko hutoa joto. Zikijazwa katika gunia au zikirundikwa pembeni mwa nyumba, joto halina njia ya kutoka. Jasho hutona juu ya karafuu, na vijidudu hupata yote manne kwa pamoja: chakula, joto, maji na muda. Tia mkono katikati ya rundo la namna hiyo asubuhi yake: utahisi vuguvugu na utasikia harufu ya kuchacha.

Karafuu hizo hazirudi tena, hata zikianikwa katika jua kali. Hukauka zikiwa nyepesi, zimekunjamana, na rangi yake imepauka kuwa nyeupe nyeupe. Ndizo tuziitazo mpeta. Mti uliangaliwa kwa miaka, mchumaji alilipwa, mchambuaji alilipwa, na usiku mmoja wa kuchelewa ukala faida yote.

Hapa ndipo pa kulijibu lile swali letu. Ni kweli kwamba karafuu ina silaha. Karafuu kavu iliyo nzuri huwa na mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kadiri ya asilimia 70 hadi 90, ni kitu kiitwacho eujenoli. Eujenoli huharibu ngozi ya kijidudu mpaka yaliyomo ndani yakavuja, na waganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Mbona basi karafuu huoza?

Sababu ni tatu. Kwanza, mafuta yamo katika vifuko vidogo vidogo chini ya ganda la karafuu. Hayakupakwa juu kama rangi ya mlango. Kijidudu kilichoko juu ya ganda, penye umande na vumbi na utomvu, hakijakutana na mafuta hayo. Pili, kila dawa ni kwa kipimo. Mafuta yaliyokwisha kenekwa ni makali. Harufu ya mafuta katika rundo lenye maji haitoshi kuua. Tatu, wako vijidudu vilivyozoea. Wataalamu wamepata bakteria wa jamii ya Pseudomonas ambao hawaikimbii eujenoli, bali huila na kuifanya chakula chao! Basi mafuta ni askari wa pili tu katika kuilinda karafuu. Askari wa kwanza ni ukavu, na huyo huwekwa na mkulima mwenyewe.

Kwa hivyo tushike utaratibu huu. Karafuu zichambuliwe siku ile ile zilipochumwa. Usiku zisilale ndani ya gunia. Zitandazwe nyembamba sakafuni au jamvini, mahali penye kupita hewa. Asubuhi, umande ukishakauka, zitolewe juani, zigeuzwe mara kwa mara ili zote zipate jua sawasawa, na jioni ziingizwe ndani au zifunikwe kabla umande haujaanguka. Jua likiwa zuri, siku nne au tano hutosha. Likiwa dhaifu, huzidi. Mvua ikikukamata, usizijaze guniani kwa kuokoa nafasi. Zitandaze ndani, hata kama watu wa nyumbani watakosa pa kupita, na uzigeuze mpaka jua lirudi.

Jua litatuambiaje kwamba zimekauka? Karafuu kavu hukatika kwa mlio, haipindi. Ukizifumbata mkononi zachoma kiganja. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, na kichwa chake ni chepesi rangi kuliko kikonyo. Kwa kipimo cha mashine, maji yasizidi asilimia 12. Karafuu inayopinda bila kukatika bado ina maji. Ukiifunga guniani utakuwa umevifungia vijidudu pamoja na chakula chao.

Mahali pa kuanikia nako kuna neno. Kuku na mbuzi wanaopita juu ya jamvi huacha bakteria wa aina ya salmonela, nao huweza kukaa katika viungo vikavu muda mrefu wakingoja kuingia katika chakula cha mtu. Wanunuzi wa ng'ambo hupima viungo, na shehena yenye salmonela huweza kukataliwa. Barabarani kuna vumbi, mafuta ya magari na kinyesi cha wanyama. Karafuu ni chakula. Tuianike mahali ambapo tungekubali kuanika unga wetu wenyewe. Na magunia yawe safi na makavu, yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, kwani saruji hutoa unyevu kutoka chini bila ya mtu kuona.

AFYA YA WATU DAGONI

Wakati wa msimu watu wengi huhama majumbani na kukaa dagoni. Watu wengi, kisima kimoja, choo hakuna au kiko karibu na kisima: hapo vijidudu vya tumbo vimepata neema. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kikaendelea hadi mwaka 1870, na watu waliokufa walikuwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwako Zanzibar siku hizo, aliandika habari za maradhi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1876. Wakati huo bado watu walibishana juu ya sababu yake. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba chanzo ni bakteria, ambaye husafiri kwa maji na chakula kilichochafuka.

Basi mwenye shamba kabla hajaita wachumaji, na achimbe choo mahali palipo mbali na kisima na upande wa chini yake. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Mchumaji anayeharisha ni siku za kazi zilizopotea, na karafuu hazimngoji mtu. Zikichelewa huchanua mtini na thamani yake hupungua.

Tusiisahau na ghala ya chakula. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huota katika mahindi na njugu zisizokauka vizuri, na kutoa sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Kupika hakuimalizi sumu hii. Nafaka iliyoota ukungu isipewe mtu, wala kuku. Hapa tena dawa ni ile ile ya karafuu: anika mpaka ikauke, weka mahali pakavu.

VIJIDUDU VIWANDANI

Mwisho, yatufaa tutupe jicho nje ya kisiwa, kwa sababu vijidudu vinafanya kazi hata katika soko letu.

Wakulima wa malimau wa Italia waliwahi kuuza kwa dunia tindikali ya ndimu inayotiwa katika vinywaji na pipi. Mwaka 1917 Mmarekani James Currie alionyesha kwamba kuvu nyeusi, Aspergillus niger, ikilishwa sukari hutoa tindikali hiyo hiyo kwa wingi, na toka mwaka 1919 ikaanza kutengenezwa kiwandani. Leo karibu yote hutoka kwa kuvu. Malimau hayakuharibika, ni soko lililohama.

Na sisi liko lililotupata. Zamani karafuu nyingi zilinunuliwa ng'ambo ili eujenoli yake igeuzwe kuwa vanilini, ile harufu ya vanila inayotiwa katika keki na aiskrimu. Kuanzia miaka ya 1930 wenye viwanda walijifunza kuitengeneza kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi, na njia ya karafuu ikaachwa. Siku hizi iko pia vanilini inayotengenezwa na vijidudu. Hatuwezi kushindana na mapipa ya kiwanda kwa wingi wala kwa bei. Tunachoweza ni kuuza kitu ambacho pipa halikitoi: karafuu nzima, safi, nene, yenye mafuta yake yote. Hiyo ndiyo sababu ya kung'ang'ania habari za majamvi na magunia. Mpeta hauna utetezi sokoni.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Majani yaoze chini ya mti, yasichomwe.
2. Panda kunde au mbaazi kati ya miche michanga.
3. Mti uliokufa ng'oa pamoja na kisiki, choma pale pale.
4. Usivunje matawi, jeraha lisawazishwe na kupakwa.
5. Usilete miche wala udongo kutoka nje.
6. Chambua siku ile ile, tandaza usiku ule ule.
7. Karafuu isiyokatika kwa mlio isiingie guniani.
8. Dagoni pawe na choo na maji yaliyochemshwa.

MASWALI YA KUJADILIANA MKUTANONI

(a) Katika mambo manne ambayo vijidudu vinahitaji, ni yapi mkulima awezayo kuyazuia, na kwa njia gani?
(b) Kwa nini mkarafuu unaosemwa umekufa ghafla haukufa ghafla?
(c) Mwanachama amechuma gunia tano na wachambuaji hawatoshi. Je, achume zaidi kesho asubuhi, au amalize kuchambua kwanza? Toeni sababu.
(d) Hesabuni hasara: kati ya kilo 100 za karafuu kavu mlizotazamia kuuza daraja la kwanza, kilo 20 zimekuwa mpeta. Kwa bei ya msimu huu, mmepoteza fedha kiasi gani, na kibarua wa kutandaza usiku mmoja angelipwa kiasi gani?